Kichwa cha Habari Kikae Katikati

Hapa Mandewa kuna watu wanasema mkwe wangu Chrispin aliniachia. Wanasema kijana aliona haya kumshinda mama wa mke wake mbele za watu, akajifanya hajui, ndipo mimi Yustina nikapata kazi ya kufundisha kompyuta. Aka! Waongo wakubwa. Hawakuwepo, hawajui hata kompyuta inawashwa wapi, na bado midomo haifungi. Basi kaeni niwaambie ilivyokuwa, na anayetaka kubisha asubiri nimalize.

Mimi kwetu Kiomboi, nimeolewa hapa Singida mjini na Zefania, ambaye wote mnamwita Baba Belinda. Nilianza kupiga chapa katika ofisi ya shirika moja la umma nikiwa msichana. Nilikuwa napiga bila kutazama vidole, huku naongea na mtu aliyekaa mbele yangu, na barua inatoka safi haina kosa. Sijisifu, nasema ukweli. Haya, najisifu. Halafu ukaja ubinafsishaji, shirika likauzwa, mwenye mali mpya akaingia na kompyuta zake, akatuita ofisini mmoja mmoja. Mimi aliniambia, "Mama, tunakushukuru sana, ila kazi yako sasa itafanywa na mashine." Mashine! Na mimi miaka yote hiyo nilikuwa napiga nini, ngoma? Nilirudi nyumbani nimevimba kwa hasira, na roho iliniuma kuliko ninavyoweza kusema.

Mwaka huo wa tisini na nane, kijana mmoja wa Ikungi anayeitwa Hosea alirudi kutoka Dar es Salaam. Akapanga chumba karibu na stendi, akaweka kompyuta nne za mitumba, akabandika tangazo mlangoni kwamba anafundisha. Nikachukua sehemu ya kiinua mgongo changu, nikaenda kujiandikisha.

"Unaenda kujifunza kitu kilichokufukuza kazi?" Baba Belinda akaniuliza.

"Hicho hicho," nikamjibu. "Nataka nikakione ana kwa ana."

Siku ya kwanza nilikuta vijana watupu, wote ningeweza kuwazaa. Walinipa shikamoo kwa zamu, nami nikaitikia marahaba kwa zamu, kisha nikachagua benchi la mbele nikakaa. Kila kompyuta ilikuwa na benchi lake, watu wawili wawili. Mabenchi yakajaa, ikabaki nafasi moja tu, pembeni yangu. Na mlangoni akatokea mtu wa mwisho. Nani? Chrispin, mume wa Belinda wangu.

Sasa kwetu sisi mkwe na mama mkwe hawakai benchi moja. Akiniona njiani anapisha, anasalimia macho yakiwa chini, anapita. Akija nyumbani, chakula chake Belinda anampelekea sebuleni, mimi nabaki zangu jikoni. Hata jina lake nilikuwa simwiti, nikimhitaji nasema "baba" au namtuma Belinda. Siyo chuki, ni heshima, na mimi nilikuwa naipenda, maana mkwe anayekuzoea sana mwisho anakuomba chumvi mwenyewe.

Chrispin alipoona nafasi iliyobaki ni pembeni yangu, alishtuka, akaegemea mlango. Somo likaanza, yeye amesimama. Hosea akageuka, "Chrispin, mbona umesimama kama mlinzi? Kaa hapo na mama."

"Hapana mwalimu, naona vizuri tu hapa."

"Utajifunzaje kibodi ukiwa mlangoni?"

"Nitaangalia kwa macho."

Darasa zima likacheka. Mimi nilikuwa natazama kompyuta kama vile kuna kitu nasoma, na haikuwa hata imewashwa. Ilibidi binti mmoja anayeitwa Flora ainuke benchi la nyuma aje kwangu, Chrispin akachukua nafasi yake. Tangu siku hiyo tukasoma hivyo, mama mkwe mbele, mkwe nyuma kabisa, na tukitaka kupishana mlangoni mmoja anatoka kwanza, mwingine anahesabu pumzi.

Kuchapa barua kwenye kompyuta nilijua mara moja, kibodi ni ile ile. Lakini Hosea akatuingiza kwenye kuandika programu, yaani kuiamuru kompyuta ifanye kitu hatua kwa hatua. Hapo wenzangu wengi wakaanza kupiga miayo. Mimi nikaamka. Hosea alitueleza kwamba kompyuta haioni maneno kama sisi tunavyoyaona. Kwake ni herufi tu zilizopangwa mstari, moja baada ya nyingine, na hata nafasi tupu kati ya maneno inahesabiwa kuwa herufi. Unaweza kuzihesabu, kuzikata, kuziunga upya. Nikajisemea, lo, huyu si ananieleza kazi yangu? Mpiga chapa naye hivyo hivyo, anaona herufi na nafasi.

Baada ya muda darasa lilianza kumzidi Hosea, watu wanajiandikisha kila wiki. Siku moja akasema, "Nataka mwalimu wa kunisaidia, nimchukue humu humu. Sitaki kupendelea mtu, kwa hiyo nawapa swali moja. Mtu aandike kichwa cha habari chochote. Programu yako ikichukue, ikiweke katikati ya kioo, kushoto na kulia pabaki sawa. Kumbukeni mstari mmoja wa kioo unachukua herufi themanini. Ijumaa mlete kazi zenu kwenye diski. Atakayewazidi wenzake ndiye mwalimu."

Jamani, moyo wangu ulidunda. Kazi! Kazi ya kukaa mbele, tena ya mashine ile ile iliyoniondoa ofisini. Nilitoka pale nikitembea haraka mpaka kiatu kikakatika mkanda.

Wenzangu wengine walisema wao walikuja kujifunza kuchapa tu, hayo mengine hawayawezi. Flora alijaribu siku moja akaacha. Tukabaki wawili, mimi na yule wa benchi la nyuma.

Baba Belinda aliposikia, akaweka kikombe chake chini. "Mwachie kijana," akasema.

"Kwa nini?"

"Amemaliza kidato cha sita, hana kazi ya maana, kutengeneza redio za watu pale sokoni siyo kazi. Ana mke, na mke ni mtoto wako, na ni mjamzito. Wewe umeshafanya kazi yako ukamaliza."

"Sikumaliza. Nilimalizwa."

"Mama Belinda, fikiria mjukuu."

Nilifikiria. Nitakuwa mwongo nikisema sikufikiria, na nilifikiria mpaka uji ukaungua. Kesho yake nikaenda kwa Belinda, nikamkuta anapepeta uwele uani, tumbo limeshasogea mbele. Nikamwambia baba yake alichosema. Nilidhani atalia, au ataniomba. Mtoto akaweka ungo chini.

"Mama, thubutu! Ukimwachia, kila siku nikigombana naye nitakumbuka kazi yake ni zawadi ya mama yangu. Na yeye atajua. Mshinde, au akushinde. Hilo la kuachiana sitaki kulisikia humu ndani."

"Na yeye anasemaje?"

"Hasemi kitu. Anapiga mluzi tu."

Nilitoka pale kifua mbele. Yule mtoto nilimzaa mimi.

Sasa swali lenyewe. Mjue kwamba kila mpiga chapa anajua kuweka kichwa cha habari katikati, ni kitu tulichofundishwa wiki ya kwanza. Unapeleka mashine katikati ya karatasi. Halafu unakisoma kichwa cha habari kimoyomoyo, herufi mbili mbili, na kwa kila herufi mbili unabonyeza kitufe cha kurudi nyuma mara moja. Ikibaki herufi moja haina mwenzake, unaiacha. Ukimaliza, hapo ulipofika ndipo unapoanzia kuchapa. Nusu ya maneno itaangukia kushoto, nusu kulia.

Nikaandika programu vivyo hivyo. Nikaiamuru kompyuta iende katikati, iandike. Loo! Kichwa cha habari kikaanzia katikati kikaning'inia kulia chote. Nikaiamuru irudi nyuma, haikurudi. Nikafuta, nikaandika, nikafuta. Muda wangu wa mashine ukaisha nikarudi nyumbani nimenuna.

Nikakaa mezani mchana huo, Baba Belinda anakula ugali, mimi nagonga meza kwa kidole. "KA, RI, BU, nafasi na S, I na N, GI, DA."

Akasimamisha tonge hewani. "Unasemaje?"

"Niache."

Nikarudia kugonga. "KA, RI, BU, nafasi na S..."

"Mke wangu, unaumwa?"

"Nimesema niache, Baba Belinda, nitakuja juu sasa hivi!"

Akahamia nje na sahani yake. Na hapo hapo nikaona. Kwenye mashine ya chapa nikirudi nyuma huwa bado sijachapa hata herufi moja! Karatasi iko tupu. Nahesabu kwanza, nachapa baadaye. Kompyuta nayo ihesabu kwanza. Ihesabu herufi zote, itoe kwenye themanini, kinachobaki ikigawe mara mbili, iweke nafasi tupu za nusu hiyo, ndipo iandike. Niliruka nikapiga kofi moja, kuku uani wakatawanyika.

Kesho yake ikakubali. KARIBU SINGIDA ikakaa katikati ya kioo imetulia, nikaitazama mpaka Flora akaniuliza kama nimeona picha yangu. Nilijisikia fahari, nasema wazi. Mwalimu alikuwa ametupa mifano ya kujaribia, vichwa vya habari vifupi vifupi, yote ikakaa vizuri.

Mwingine angefunga hapo akaenda nyumbani. Mimi nilikumbuka ofisini. Nani katika nchi hii anaandika kichwa cha habari kifupi? Nimechapa mihtasari ya vikao ambayo kichwa chake cha habari kilikuwa kirefu kuliko kikao chenyewe. Hosea alisema "kichwa cha habari chochote". Chochote ni chochote. Nikaandika kimoja kirefu cha kiofisi, nikabonyeza. Mashine ikapiga kelele, ikasimama, ikaniandikia kosa.

Haya. Herufi zikizidi themanini, ukitoa kwenye themanini unapata chini ya sifuri, na hakuna mtu anayeweza kuweka nafasi chini ya sifuri. Lazima kichwa kikatwe, kiende mstari wa pili. Nikaamuru ikate kwenye herufi ya themanini. Ikakata, ila ilikata katikati ya neno, MADA huku juu, RASA huko chini. Mimi nikiwa kazini ningetoa karatasi ya namna hiyo ningejificha chooni kwa aibu.

Kwenye mashine ya chapa kuna kengele. Ukikaribia mwisho wa mstari inalia, ti! Ukiisikia unajua neno jingine refu halitaingia, unasukuma ule mkono, karatasi inarudi mwanzo, unaanza mstari mpya. Sisi tuliozoea hatuisikii hata kwa masikio, mkono wenyewe unaenda. Nikajiuliza kengele ya kompyuta itakuwa ipi. Nikaipata. Ifike pale mwisho wa mstari, halafu irudi nyuma herufi moja moja mpaka ikutane na nafasi tupu. Hapo ndipo maneno yanapoachana, hapo ikate. Kipande cha juu kikae katikati, kipande cha chini nacho kikae katikati.

Ikakubali. Lakini jicho langu likaniambia mstari wa pili umeegemea kidogo, herufi moja tu kwenda kulia. Mtu mwingine asingeona. Kumbe ile nafasi ya pale palipokatwa ilikuwa imebebwa chini na maneno. Nikaitupa. Sasa ikawa safi, na nikasema, mtu anishinde kama anaweza.

Ijumaa asubuhi chumba kilijaa, hata waliokata tamaa walikuja kuangalia. Alikuwepo pia mzee Alute, mtendaji wa kata mmoja, yeye alikuja kuchapiwa taarifa yake, akaambiwa asubiri kidogo. Nikakaa benchi la mbele na diski yangu mkononi. Chrispin alisimama mlangoni kama siku ya kwanza.

"Haya," Hosea akasema. "Chrispin, anza wewe."

"Mwalimu, mimi sijamaliza. Mpe mama aendelee."

Watu wakaguna. Hosea akanigeukia, "Basi mama, naona kazi ni yako, hakuna mpinzani."

Damu ilinipanda kichwani. Sijamaliza? Belinda alishaniambia kwamba Jumanne mumewe alirudi nyumbani anacheza peke yake, anasema imekubali, imekubali. Na pale mlangoni nilimwona mfuko wa shati umetuna, kona ya diski imechungulia. Mtu ambaye hajamaliza anabeba diski ya nini? Nikaelewa yote. Kijana ameona haya kunishinda mbele za watu, ameamua anipe kazi kama mtu anavyompa mgonjwa uji. Niliondolewa kazini kwa kuambiwa asante, sasa nirudishwe kazini kwa kuonewa huruma! Kazi niliitaka, Mungu anajua nilivyoitaka, lakini kwa namna ile ningeingiaje mlangoni kila asubuhi?

Nikasimama. Nikamtazama machoni, kitu ambacho sijawahi kufanya tangu atoe mahari.

"Chrispin!"

Mama mkwe amemwita mkwe kwa jina. Flora alishika mdomo.

"Naam, mama." Kichwa chini.

"Hiyo diski mfukoni ni ya nani?"

Akaufunika mfuko kwa mkono.

"Nakuuliza wewe. Umemaliza, hujamaliza?"

"Nimemaliza, mama."

"Basi leta hapa. Na usifanye mchezo. Heshima yako naijua, tangu umemwoa mwanangu hujanikosea hata siku moja. Leo ukiniachia utakuwa umenitukana mbele ya watu wote hawa. Kama unaniheshimu kweli, nishinde!"

Jasho lilimtoka. Akamtazama Hosea, Hosea akainua mabega. Chrispin akatembea kutoka mlangoni mpaka mbele, akawasha kompyuta ya pembeni ya ile yangu, akaingiza diski yake. Tukakaa kila mtu kwenye benchi lake, tumepeana mgongo, na nikamsikia anashusha pumzi. Nikajua sasa amekuja kweli.

Hosea akaanza na vifupi. KARIBU SINGIDA. Ya Chrispin katikati, yangu katikati. MANDEWA. Sawa sawa. RELI YA KATI NA STESHENI YA ITIGI. Sawa sawa. Hosea akakuna kichwa. Yule kijana alikuwa na akili, programu yake ilikuwa fupi kuliko yangu, imepangwa vizuri, na mimi nikaanza kuogopa. Nilikuwa nimemlazimisha mwenyewe aje anishinde, na sasa huenda atanishinda.

"Mmelingana," Hosea akasema. "Kitu kimoja cha mwisho. Mzee Alute, shikamoo tena. Tusaidie kichwa cha habari, chochote unachotaka wewe."

"Marahaba. Si hiki changu mlichokataa kunichapia," mzee akasema. Akavaa miwani, akakunjua karatasi, akasoma kwa sauti ya mkutano wa hadhara. "Taarifa ya mkutano wa dharura wa wajumbe wa kamati ya maendeleo ya kata kuhusu ujenzi wa vyumba viwili vya madarasa na nyumba ya mwalimu kwa nguvu za wananchi na wafadhili."

"Hicho ni kichwa cha habari au ndiyo taarifa yenyewe?" Flora akauliza, watu wakacheka. Mimi sikucheka. Mzee alipofika kwenye "wananchi" mimi nilikuwa kwenye "wananchi", na alipotua mimi nilikuwa nimeshatua, sijatazama kidole. Lakini nikasita kubonyeza. Kile kichwa kilikuwa kirefu kupita vyote nilivyojaribu. Kisingetosha mistari miwili. Nilishawahi kujaribu mistari miwili tu! Je, nilikuwa nimeiambia kompyuta ikate mara moja, au iendelee kukata? Kichwa changu kikawa cheupe, sikumbuki. Nikamsubiri Chrispin amalize, anachapa kwa vidole viwili, nami nasikia moyo wangu masikioni.

"Bonyeza, Chrispin," Hosea akasema.

Mashine ikapiga kelele. Ikasimama na kuandika kosa, nami nikajua bila kugeuka ni kosa lipi, maana nililiona kabla yake.

"Mama, bonyeza."

Nikabonyeza.

Mstari wa kwanza ukatoka, ukaishia kwenye KUHUSU. Wa pili ukatoka, ukaanza na UJENZI ukaishia kwenye WANANCHI, hakuna neno lililovunjika. Nikafumba macho. Niliposikia watu wanapiga kelele nikafumbua, na chini ya ile mistari miwili mirefu kulikuwa na mstari wa tatu, NA WAFADHILI, umekaa katikati kabisa ya kioo, kushoto na kulia sawa. Bila shaka ingeendelea kukata! Niliiandika kama mpiga chapa, na kengele hailii mara moja kwa karatasi nzima, inalia kila mstari. Mkono wangu ulijua hata nilipokuwa nimesahau mimi.

"Hivyo hivyo!" mzee Alute akasema. "Nichapieni hicho, nina basi la kuwahi."

Hosea alikuwa anacheka kwa furaha, anapiga meza. "Nilisema chochote, na nilikuwa nafikiria vifupi tu. Mwalimu Yustina, karibu kazini."

Mwalimu Yustina. Niliwahi kuitwa mpiga chapa, mama, mama mkwe, dada wa ofisini, we mama wa mapokezi. Mwalimu, ilikuwa mara ya kwanza.

Na hapo ndipo uwongo wenu ulipozaliwa, maana kijana mmoja kule nyuma alisema kwa sauti, "Aa, mkwe kambeba mama mkwe bwana, kaharibu makusudi." Watu wakaanza kucheka cheka. Nilihisi kitu kimenichoma hapa. Nikageuka nimjibu, lakini Chrispin alishasimama.

Hakumtazama yule kijana. Alinitazama mimi, usoni, macho hayakushuka. Nilikuwa sijawahi kuona kwamba macho yake yana rangi ya asali.

"Mama," akasema, "nilitaka kukuachia, ukakataa. Ulipokataa nikakaa hapa nikitaka kushinda. Nimeitaka kazi hii kwa moyo wangu wote, haki ya Mungu nisiseme uwongo, nilikuwa nimeshamwahidi Belinda. Hiki kichwa kirefu sikukifikiria. Wewe ulikifikiria. Sikukuachia hata herufi moja. Umenishinda."

Nikalia. Nililia mbele ya darasa langu mwenyewe, nikajifuta kwa kanga, nikalia tena. Yule kijana mwenye mdomo akaniomba radhi. Chrispin akachukua diski yake akatoka, na alipofika mlangoni hakungoja nipite kwanza wala hakuhesabu pumzi. Alipita tu kama mtu.

Nilipofika nyumbani Baba Belinda alikuwa uani anaanika alizeti. Alinitazama uso akajua. Akasema, "Sasa mkwe atakula nini?"

"Atakula alichokula jana," nikamwambia. "Na akipungukiwa atakula kwangu, kwa mshahara wa mwalimu. Lakini hatakula huruma yangu, na mimi sitakula yake."

Akatikisa kichwa, akarudi kwenye alizeti zake. Baadaye kidogo nikamsikia anamwambia jirani juu ya uzio, kwa sauti ambayo mtaa mzima ungesikia, kwamba mke wake ni mwalimu wa kompyuta. Nikajifanya sijasikia, nikaongeza kuni.

Kwa hiyo ninyi mnaosema niliachiwa, nendeni kamuulizeni Chrispin mwenyewe, yuko pale sokoni na redio zake, na jioni yuko darasani kwangu. Ni kijana mwenye akili kuliko wote niliowahi kuwafundisha, na huyo ndiye niliyemshinda. Ningemshinda mjinga, nisingewasimulia.